Aliyeokoa Roho Adaiwa Nini?

Liko swali ambalo zamani halikuulizwa na mtu, kwa sababu mauti yalikuwa yakilijibu mapema. Swali lenyewe ni hili: mtoto akizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, uzito wake ukawa kama kilo moja tu, kisha watu wakafanya bidii wakaiokoa roho yake, lakini kwa ile ile dawa iliyomwokoa, macho yake yakapofuka. Je, waliomwokoa wamemtendea wema au wamemdhulumu? Na kama liko deni, mdaiwa ni nani?

Hatulileti swali hili kwa ajili ya kushindana kwa maneno. Twalileta kwa sababu linazidi kutukaribia kila mwaka, na watu wengi hulijibu kwa haraka, wengine kwa kusema “heri angalikufa,” na wengine kwa kusema “ni kudura,” kisha wakanyanyuka barazani wakaenda zao. Majibu yote mawili hayatutoshelezi, na tutasema kwa nini.

Tutayatazama mas-ala haya kwa mfano wa Kitui na Makueni. Huenda msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akauliza: Ukambani kwatuhusu nini sisi watu wa pwani? Kwatuhusu sana. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka kwetu na pembe za ndovu, na katika mji wa Kitui wako Waislamu ambao asili yao ni biashara ya zama hizo. Hata leo, mtu akitoka Mombasa kwenda Nairobi, akishapita Mtito Andei yumo katika ardhi ya Makueni, mpaka afike Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Unguja. Ni majirani zetu.

Walakini sababu kubwa ni nyingine. Kitui na Makueni zi katika hali ya kati na kati, na maradhi haya tunayoyasema hupenda hali hiyo. Mahali ambapo watoto wasiotimia miezi hufa wote, hapana jicho la kupofuka. Mahali ambapo vyombo vyote vipo na madaktari wote wapo, watoto huishi na macho yao hulindwa. Khatari iko baina ya hayo mawili: pale ambapo elimu ya kuokoa roho imekwisha kufika, na elimu ya kulinda jicho ingali njiani.

Tazama namna mambo yalivyobadilika. Mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, 33 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wamepungua hata 21. Mwaka 2013 Serikali iliondoa malipo ya uzazi katika hospitali zake, na mwaka huo huo mambo ya hospitali yakatiwa katika mikono ya kaunti. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wake wa matibabu, nyumba nzima kwa shilingi 500 kwa mwaka. Tangu janga la Korona la mwaka 2020, oksijeni nayo imeenea katika hospitali nyingi ambazo zamani zilikuwa zikiitafuta kwa tabu. Haya yote ni kheri, na asiyeyashukuru hana insafu. Kwa sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Katika umma mkubwa kama huo, watoto wa kabla ya wakati hawakosekani hata wiki moja. Wale ambao babu zao wangaliwafunga sanda, leo wanarudi nyumbani migongoni mwa mama zao. Lakini wanarudi na macho gani?

Yatupasa kwanza tufahamu ugonjwa wenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu jambo asilolijua.

Nyuma ya jicho uko utando uitwao retina, nao ndio unaopokea mwangaza. Mishipa ya damu ya utando huo huanza kuota mimba ikiwa ya wiki 16 hivi. Huanzia kati ikaenda kandoni, na haimalizi safari yake mpaka mimba iwe karibu ya wiki 40. Basi mtoto aliyezaliwa kwa wiki 28 hutoka tumboni hali mishipa hiyo ingali njiani. Mapafu yake ni machanga, hupumua kwa taabu, na bila ya kupewa oksijeni aweza kufa mara moja. Lakini oksijeni ikizidi katika damu yake, ile mishipa ya jicho husimama, isiote tena. Baada ya wiki chache retina, ambayo nayo inakua, hutaka damu isiipate. Hapo huota mishipa mingine ovyo, minyonge, yenye kuvuja na kufanya makovu. Makovu yakivuta, retina hubanduka mahali pake. Ikibanduka yote, ni nadra sana dawa kufaa kitu.

Hewa tuivutayo sisi sote ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Ile ya mtungi ni karibu 100 katika 100. Kwa hivyo hutakiwa chombo cha kuichanganya na hewa, na chombo kingine kidogo kinachobanwa mguuni mwa mtoto, kuonyesha oksijeni iliyomo damuni. Na madaktari wengi leo hupenda kipimo hicho kiwe baina ya 90 na 95. Mwenye mtungi asiye na kipimo ni kama nahodha anayeingiza jahazi lake penye miamba bila ya kutupa bildi. Huenda akapita salama. Lakini akipasua jahazi, hawezi kusema kuwa bahari ndiyo iliyomkosea.

Aghlabu ugonjwa huu huondoka wenyewe. Usipoondoka, unayo dawa, lakini dawa yake ina saa yake. Daktari wa macho humtia mtoto matone ya kupanua mboni, akatazama ndani ya jicho, na mara ya kwanza ya kutazama ni kama wiki 4 baada ya kuzaliwa. Akiona ugonjwa umefika penye khatari, hutibu kwa leza, au kwa dawa ya sindano ndani ya jicho, na matibabu hayo hutakiwa katika siku 2 au 3. Wiki ikipita huenda mlango ukafungwa. Na mama hawezi kujua kwa kumtazama mtoto wake, kwani jicho hulionyesha weupe baada ya jambo kwisha.

Hii si khabari mpya duniani. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston, Marekani, aliandika juu ya watoto wa kabla ya wakati waliopofuka kwa namna ambayo haikupata kuandikwa. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi upofu huo ukaenea katika nchi tajiri, khasa katika hospitali zilizokuwa bora kuliko nyingine, na watoto waliopofuka wakakisiwa kuwa karibu 10,000. Hospitali bora zilikuwa na masanduku ya joto yaliyofungwa barabara, na oksijeni tele. Mwaka 1951 bibi daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alieleza kuwa wenye kupewa oksijeni nyingi ndio wanaopofuka zaidi. Wakati huo huo daktari Arnall Patz alikuwa akifanya majaribio katika mji wa Washington, kundi moja la watoto likipewa oksijeni nyingi na jingine chache. Inasimuliwa kuwa baadhi ya wauguzi wa zamu ya usiku waliwaonea huruma watoto wa kundi la pili, wakawa wakiwafungulia oksijeni kwa siri. Waliamini kuwa wanaokoa. Hawakujua kuwa mkono ule ule wa huruma ulikuwa ukizima taa.

Majaribio makubwa ya hospitali 18 za Marekani yalipokwisha, mwaka 1954, shaka iliondoka, na madaktari wakakata oksijeni. Upofu ukashuka. Watu wakafurahi wakadhani mas-ala yamekwisha. Kumbe sivyo. Mwaka 1973 daktari Kenneth Cross wa Uingereza alikisia kuwa kwa kila mtoto mmoja aliyeokoka na upofu, huenda watoto 16 walikufa kwa kukosa oksijeni. Na majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 2010, juu ya watoto 1,316, yalionyesha mizani hiyo hiyo: waliowekwa kwenye kipimo cha chini, waliokufa walikuwa karibu 20 katika 100, na waliowekwa kwenye kipimo cha juu walikuwa 16, lakini katika waliookoka, ugonjwa mkali wa macho ulikuwa karibu 9 katika 100 kwa kipimo cha chini, na karibu 18 kwa kile cha juu.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Ina maana kwamba hakuna mahali ambapo mtu aweza kusimama akasema, “Mimi sina khatari mkononi mwangu.” Akizidisha, huenda akapofusha. Akipunguza, huenda akaua. Na mtu aliyewekwa mahali kama hapo haulizwi kwa nini hakuwa na uhakika, kwani uhakika haupo. Huulizwa kama alipima, na kama aliangalia baada ya kupima.

Sasa tuyarudie yale majibu ya haraka.

Wa kwanza asema: heri mtoto huyo asingeokolewa. Sisi twauliza: heri ya nani? Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Mara nyingi msemaji ni mtu aliyechoka kwa niaba ya mwingine. Wako pia wanaosema kuwa mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane haishi, na kwa itikadi hiyo wakakata tamaa mapema. Hilo ni neno la kale lililotokana na utabibu wa Wayunani, na halina msingi. Kila wiki inayozidi tumboni humzidishia mtoto nguvu. Wanazuoni wetu wa sheria tangu zamani wameweka miezi 6 kuwa ndio muda mchache kabisa wa mimba ya mtoto awezaye kuishi. Basi roho ya mtoto kama huyo ilikwisha hesabiwa kuwa ni roho zamani, kabla ya kuwako sanduku la joto wala mtungi. Kipofu aliye hai ana jina, ana haki ya urithi, ana sauti. Maiti hana hata moja katika hayo duniani. Kwa hivyo jibu la kwanza twalikataa.

Wa pili asema: upofu ni kudura, na vipofu wangapi wametukuka? Maneno haya nusu yake ni kweli, na ndiyo sababu ni ya khatari. Ni kweli kuwa Ibn Ummi Maktum, Allah amwie radhi, alikuwa kipofu na alikuwa akiadhini Madina. Ni kweli kuwa Taha Husein wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889, alikuwa kipofu, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Lakini Taha Husein hakuzaliwa kipofu. Alikuwa mtoto mdogo alipougua macho, akatibiwa na kinyozi wa kijijini asiyejua tiba, na macho yakaharibika. Je, utukufu wa yule bwana wamtoa kinyozi katika lawama? Hata kidogo. Heshima ya kipofu ni yake mwenyewe, aliichuma kwa jasho lake. Haiwezi kuwa stakabadhi ya kulipia uzembe wa mtu mwingine. Tena tukumbuke kuwa kwa kila Taha Husein mmoja wako maelfu wanaokaa kibarazani mchana kutwa, wasiotiwa shule wala kufundishwa kazi. Mwaka 2010 peke yake ilikisiwa kuwa watoto wapatao 20,000 duniani walipofuka, au kubakia na uoni hafifu sana, kwa ugonjwa huu. Kudura ni ile iliyotufikia baada ya sisi kufanya la kufanya. Tukiliita kudura jambo tuliloweza kulizuia, twamsingizia Mola wetu.

Basi jibu letu ni hili. Kuokoa ni wema, wala hapana shaka. Lakini kuokoa si tendo la saa moja. Anayemshika mtu mkono katika maji hana rukhsa ya kumwacha penye kina kifupi akasema, “Sasa miguu yako yafika chini.” Amekwisha kujifunga. Kadhalika hospitali iliyompokea mtoto wa wiki 28, ikamtia katika sanduku la joto, ikamfungulia mtungi, imejifunga kwa amana. Na amana hiyo haikatiki siku mama anapopewa karatasi ya kwenda nyumbani. Yakatika siku daktari wa macho anaposema: mishipa imefika mwisho wa safari yake, jicho limepona. Roho na jicho ni amana moja iliyotiwa katika mkono mmoja.

Tena tuseme mdaiwa ni nani, maana deni likiwa la wote mara nyingi huwa si la mtu. Mfano: mama mmoja wa Ikutha, kusini mwa Kitui, ajifungua kabla ya wakati. Mtoto aokoka, akaa hospitalini wiki 5, na mama aambiwa ampeleke Nairobi kwa daktari wa macho, kwa kuwa madaktari wanaoujua ugonjwa huu na leza zao wengi wako huko na katika miji michache mikubwa. Mama yule ana watoto wengine nyumbani. Mvua haikunyesha. Nauli ataipata kwa kuuza mbuzi, na mtoto mwenyewe anyonya vizuri, analia vizuri, hana ila inayoonekana. Asema, “Nitakwenda mwezi ujao.” Mwezi ujao jicho limekwisha.

Nani mwenye kosa? Wengi watasema mama. Sisi hatusemi hivyo. Mwenye kuambiwa “nenda” bila ya kuambiwa “usipokwenda kabla ya siku fulani atapofuka” hakuambiwa kitu. Je, ni muuguzi aliyefungua oksijeni? Wala si yeye, ikiwa usiku kucha alikuwa peke yake na watoto wengi na hakupewa kipimo. Wanazuoni wamesema kuwa anayejitia katika utabibu asiujue, dhamana ni juu yake. Nasi twaona kuwa sharti ya hukumu hiyo ni mtu kujitia mwenyewe. Aliyewekwa pale na wakubwa wake, bila ya chombo wala mafunzo, dhamana yake huwapandia wale waliomweka. Wanaonunua mtungi wasinunue kipimo, wanaozindua chumba cha watoto wachanga kwa ngoma na hotuba wasipange nani atakayetazama macho yao wiki ya nne, hao ndio wenye deni kubwa. Na sisi tunaowachagua, tukapiga makofi siku ya uzinduzi tusiulize swali hilo, tuna fungu letu.

Wala deni hili si la mali nyingi kama inavyodhaniwa. Kifuani mwa mama mna joto. Mtoto akiwekwa hapo, ngozi kwa ngozi, hupona zaidi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 5 zilizofanya, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliowekwa kifuani tangu kuzaliwa walikufa kwa uchache wa robo moja kuliko wale waliongojewa kwanza wapate nguvu. Kipimo cha mguuni ni chombo kidogo. Daktari wa macho mmoja aweza kuzunguka, wiki hii Kitui, wiki ijayo Wote, badala ya mama ishirini kuuza mbuzi ishirini. Na daftari la majina, lenye tarehe ya kila mtoto kutazamwa na nambari ya simu ya baba au shangazi, hugharimu peni na karatasi.

Ndugu zetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana wasidhani kuwa haya ni ya Ukambani tu. Oksijeni iliyofika Kitui imefika na kwetu. Aliye na mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au aliyekuwa chini ya kilo moja na nusu, au hata aliyezidi hapo lakini akakaa sana kwenye oksijeni, asiondoke hospitalini bila ya kuuliza maneno mawili: macho yake yatatazamwa siku gani, na na nani? Aulize bila ya haya. Kuuliza si kumvunjia daktari heshima. Ni kumkumbusha amana aliyoipokea. Na jamaa wakimwona mzazi anasitasita kwa nauli, wasimwachie. Huchanga watu kwa arusi ya siku tatu. Wasishindwe kuchanga kwa macho ya umri mzima.

Tulianza kwa kuuliza aliyeokoa roho adaiwa nini. Adaiwa kumaliza alichokianza. Asiyeweza kumaliza peke yake adaiwa kumwita mwenziwe, na mwenziwe adaiwa kuitika. Wala mtoto mwenyewe hadaiwi shukrani kwa nusu ya wema; huyo ndiye mwenye kudai, na kwa kuwa hawezi kusema, yatupasa sisi tuseme kwa ajili yake, kabla ya wiki ya nne haijapita.

Wa billahi tawfiq.